Jiwe la Melkiadi

Kasulu,
11 Februari 1974

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima na kazi inaendelea.

Mwaka huu chama kinatimiza miaka ishirini, na mkoa umetaka kila mji uwe na alama yake, kitu cha kuwaonyesha wageni siku ya Saba Saba. Mimi nimepewa Kasulu na Kibondo zote mbili. Kwa Kibondo nimefikiria lile rundo la mawe juu ya kilima chetu cha Nyamabuye, maana mtu analiona tangu akiwa barabara ya Kakonko. Lakini huku ofisini hakuna anayejua historia yake. Wakubwa wangu wametoka Tanga, Singida na Pwani. Naomba uniandikie: nani alilianzisha, na lina maana gani. Andika kwa kifupi, Bibi, na kwa mpangilio.

Mjukuu wako,
Renatus
Afisa Utamaduni Msaidizi


Nyamabuye, Kibondo
2 Machi 1974

Mume wangu mdogo Renatus,

Mwakeye, kama salamu ya kwetu bado unaikumbuka. Barua yako imeletwa na utingo wa lori la maharage. Nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu anisomee. Herufi nilifundishwa na masista kabla hawajanibatiza, zikanitosha mpaka leo. Kwa hiyo usiniambie niandike kwa mpangilio. Nilikufuta kamasi bila mpangilio na ukakua.

Kwanza umeniaibisha. Mtu wa Nyamabuye anauliza mawe ya Nyamabuye ni nini! Najua kosa si lako lote. Mapadri walikuchukua ukiwa na meno ya utoto, ukarudi unajua Kilatini na hujui njia ya mtoni.

Sasa sikiliza. Lile si rundo. Wanaoliita rundo ni wageni. Wale ni watu.

Zamani wanaume wa huku walikuwa wanakwenda Uvinza kuleta chumvi. Njia ilikuwa na simba, na ilikuwa na binadamu wabaya kuliko simba. Anayeondoka alishuka kwanza mtoni, pale pale tunapochota maji, akachagua jiwe la kubeba kwa mikono miwili. Akapanda nalo mpaka kileleni akaliweka mwenyewe. Mama yake anasimama nyuma yake, haligusi. Basi anakwenda. Akirudi haingii nyumbani. Anapita kilimani kwanza, anashusha jiwe lake, analirudisha mtoni, ndipo anaingia ndani na kupewa uji. Nilipokuwa binti mawe kule juu yalikuwa machache, mbuzi aliweza kuyaruka. Watu walikuwa wanarudi.

Halafu wakaja wale wa kuandika manamba. Walikuja na lori na mablanketi, vijana wakaandikishwa kwenda kukata mkonge, Tanga huko, Morogoro huko. Kila lori likiondoka, mawe yanapanda. Yanayoshuka hayakuwa mengi kama yanayopanda. Yakafika gotini, yakafika kifuani, sasa yamempita mwanamume mrefu. Hayo ndiyo mnayoyaona kutoka barabara ya Kakonko mkadhani ni pambo.

La baba yako Melkiadi liko upande wa jua linapochomoza. Ni jekundu, na mshipa mweupe umelizunguka kama mkanda. Siku analiweka nilisimama nyuma yake nimekubeba wewe mgongoni, na ulinipiga mateke njia nzima, mshenzi wewe. Kila Jumapili nikitoka misa napanda kulitazama. Siligusi. Nikiona lipo, nashuka.

Maana ndiyo hiyo: kila jiwe ni mtu. Waandikie hivyo hao wakubwa wako wa Pwani.

Ndizi zinaiva na hakuna wa kunikatia. Mke wako mkubwa nitakufa na panga mkononi.

Bibi yako,
Josepha


Kasulu,
20 Machi 1974

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Historia yako nimeisoma mbele ya kamati nzima. Mwenyekiti amesema hayo maneno, "kila jiwe ni mtu", ni mazito sana na yataandikwa kwenye kibao.

Nina swali moja limebaki. Mtu akifia huko alikokwenda, jiwe lake linafanywaje? Nauliza kwa ajili ya kijitabu tu.

Mjukuu wako,
Renatus


Nyamabuye,
14 Aprili 1974, Pasaka

Renatus,

Hilo sikujibu. Mama ambaye jiwe la mwanawe bado limesimama hasemi namna linavyoshushwa na mkono mwingine. Hata nilipokuwa msichana wenye watu wao kule juu walinyamaza, wakasema wale ambao mambo yao yalikwisha. Katafute hao.

Na kwa nini umeuliza? Kasulu kila gari linapita hapo. Kama umesikia habari za baba yako niambie kwa maneno mawili. Mimi si mwanamke wa kuanguka.

Huku tumeambiwa tuhame. Mlima mzima tushuke bondeni kando ya barabara, nyumba zipangwe mistari. Katibu Kata ni Bwana Athuman, mtu wa Pangani, mpole, ananiita mama. Nimemwambia, "Baba, mimi nikikaa mlangoni kwangu naona kilele. Huko bondeni nitaona nini?" Akanijibu, "Mama, utaona zahanati." Nikacheka mpaka akaona haya. Lakini orodha amekwenda nayo, na jina langu limo.

Josepha


Kasulu,
9 Mei 1974

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Kuhusu baba sijasikia jipya. Usijisumbue kwa swali langu, lilikuwa la kikazi.

Kuhusu Nyamabuye, kuna jambo zuri linaandaliwa. Sikuambii, nisije nikakuharibia furaha. Ila siku ukiliona utajua kwamba baba hatasahauliwa tena na mtu yeyote. Hama kwa amani, Bibi. Usigombane na Katibu Kata, ni mtu mwema, na zahanati itajengwa kweli.

Renatus


Kijiji cha Ujamaa, mstari wa tatu, Kibondo
21 Julai 1974

Renatus,

Leo sikuiti mume. Kaa uisome hii barua.

Tulihamishwa mwezi wa sita. Nyumba yangu waliiondoa paa nikiwa bado nachemsha maharage ndani yake. Tangu siku hiyo sikupanda, nilikuwa nakandika udongo kiwanja hiki kisicho hata na mgomba. Jumapili zile kilima nilikitazama kwa mbali tu. Niliona vibarua huko juu, nikadhani wanasafisha majani.

Asubuhi ya Saba Saba nasikia ngoma ya shule. Natoka. Naona watoto wanapanda Nyamabuye kwa mstari, na kila mmoja ana jiwe kichwani.

Nilikimbia, Renatus. Nilifika kifua kinaniwaka. Mgambo akanizuia kwa fimbo, "Bibi, subiri hotuba iishe." Nikakuona pale mbele na tai shingoni. Ukasema, "Kila jiwe ni mtu, kwa hiyo leo kila mtoto wa Kibondo anaweka jiwe lake." Ukaweka la kwanza wewe. Wakubwa wakapiga makofi. Esteri, jirani yangu wa mstari wa tatu, mwanawe Odilia alikuwa wa pili kuweka. Esteri akapiga yowe. Wageni wakafikiri ni kigelegele, wakazidisha makofi.

Ni nani alikuambia mtu asiyesafiri anaweka jiwe? Mimi? Nionyeshe palipoandikwa. Mmewaaga watoto wa shule nzima, hata wa darasa la kwanza, na mkawapa soda.

Na yale ya zamani, kumbe wale vibarua waliyashusha yote chini, wakayajenga upya kwa saruji, pembe nne kama choo cha bomani. Ya watoto yakachomekwa katikati yao siku hiyo hiyo, na mafundi wakapaka chokaa juu hadi chini huku nyinyi mnakula pilau. Nimezunguka upande wa jua. Nimezunguka pande zote. Jekundu halipo. Yote meupe kama mayai.

Ukaondoka na Landrova ya wakubwa. Hukunywa hata maji kwangu. Sikukuita mbele ya watu maana ungeaibika. Lakini sasa nakuambia: waamuru wafumue. Nataka kuliona la Melkiadi.

Josepha


Kasulu,
6 Agosti 1974

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imeniumiza. Nisamehe kwa kuondoka bila kukuamkia, gari halikuwa langu.

Kufumua haiwezekani. Mnara umesifiwa na mkoa, na picha yake imetumwa gazetini. Lakini fikiri, Bibi: la baba halijapotea. Limo mle ndani, limeshikwa na saruji, halitaangushwa tena na mvua wala mbuzi. Nilidhani ndivyo ungetaka. Na kuhusu watoto, hofu hizo ni za zamani. Hakuna atakayepotea kwa sababu ya jiwe.

Nakutumia sukari na sabuni kwa dereva wa misheni.

Renatus


Kijiji cha Ujamaa, mstari wa tatu
29 Septemba 1974

Kwa Afisa Utamaduni Msaidizi, Kasulu

Tharsisi amerudi.

Humkumbuki. Ndiye aliyepanda lori moja na baba yako. Amekuja kwa miguu kutoka Makere, kwa dada yake, alikokuwa amelala miezi mingi miguu imevimba. Alipofika hakupita kwa kaka yake, alikwenda moja kwa moja Nyamabuye kushusha jiwe lake. Ameliweka kijana, anarudi hana meno. Akakuta choo chenu cheupe. Akazunguka mpaka jua likawa kali. Watoto wakamcheka wakidhani amelewa.

Nikampelekea maji kule kule. Akanitazama akasema, "Shangazi, pole na Melkiadi."

Nikamwambia, "Pole ya nini?"

Akaweka maji chini. Halafu akasema, "Kumbe Renatus hakukuambia? Nilimkuta stendi ya Kasulu wakati wa Kwaresima. Nilimweleza yote."

Nikamwambia anieleze na mimi hayo yote. Akaeleza. Kifua kilimkamata Melkiadi kambini, hata Uhuru haukumkuta. Walimfukia ubavuni mwa shamba pamoja na wengine, na mkonge ukapandwa mpaka hapo. Nikamuuliza mbona hukuleta habari miaka yote hii. Akasema, "Shangazi, sikujua kuandika."

Yeye hakujua kuandika. Wewe je?

Kwaresima jiwe lilikuwa bado jekundu. Mkanda wake ulikuwa unaonekana. Ungeniambia ningepanda siku hiyo hiyo na ningelijua hata gizani. Ulikuwa unajua ulipoandika "sijasikia jipya". Ulikuwa unajua ulipokuwa umesimama mbele ya wageni na tai yako.

Tharsisi analala barazani kwa watu. Kaka yake anamwita ndani, anakataa. Anasema hajarudi.

Sukari yako iko hapa, sijaifungua.

Josepha


Kasulu,
12 Oktoba 1974

Bibi,

Ni kweli. Alinieleza.

Nilianza kukuandikia jioni ile ile. Kila nikianza nakuona unapanda kilima Jumapili na nguo yako ya misa, nikajiuliza mimi ni nani wa kuizima safari hiyo. Nikasema ngoja kwanza nimpe baba mnara, kitu cha kuonekana, halafu nitasema, nawe utakuwa na mahali pa kumlilia. Nilipokuuliza linashushwaje nilikuwa nataka kujua ili nifanye inavyotakiwa. Ungenijibu, Bibi, nisingegusa hata moja. Sisemi hivyo kukulaumu.

Kuna jambo lingine. Nimepata uhamisho kwenda Lindi. Barua inasema ni kwa kazi nzuri ya Nyamabuye. Naondoka mwisho wa Novemba. Niambie sasa jiwe linashushwaje, nitafanya lolote. Nitapita kukuaga.

Renatus


Kijiji cha Ujamaa, mstari wa tatu
17 Novemba 1974

Renatus,

Umeuliza tena linashushwaje. Sasa naweza kukujibu, maana sina wa kumkinga.

Habari ikifika, mama anapanda peke yake. Analitoa jiwe la mwanawe, analifunga mgongoni kwa nguo kama anavyobebwa mtoto, anashuka nalo. Akisalimiwa haitiki. Analizika nyuma ya nyumba penye migomba. Wanawake wanamnyoa nywele, wanakaa naye, analia kwa jina. Basi. Ndiyo mazishi ya mtu aliyefia mbali. Hatuna mengine.

Nilikwenda kumwomba Bwana Athuman ruhusa. Masikini, alinipa kiti. Akasema, "Mama, kubomoa mnara ni kosa, nitafungwa mimi na wewe. Lakini mawe yako tele mtoni. Chagua zuri lolote." Hakunikejeli, alikuwa ananionea huruma kabisa. Nikamshukuru, nikatoka, nikachukua jembe.

Nikapanda. Nilitafuta upande wa jua linapochomoza, nikakuta moja la ukubwa ule ule limekaa vibaya kwenye saruji. Nikajiambia ndilo. Moyo wangu ulisema ndilo. Tharsisi alikuwa amekaa pale, akageuza uso asione. Nikalichokoa, nikalifunga mgongoni. Lilinilemea kiunoni kama yeye alipokuwa anajifunza kukaa. Watu njiani waliponiona walikaa pembeni, hata vijana wa shule.

Nikazika nyuma ya nyumba hii ya mstari, penye vigingi vya wapimaji, maana mgomba hakuna. Esteri akaninyoa. Nikalia Melkiadi, nikalia na miaka yote niliyokuwa napanda kumwangalia mfu. Nikapata nafuu kidogo. Nililala usingizi.

Kesho yake wengine waliondoka, Esteri akabaki anafagia mahali palipofagiliwa.

"Dada," akasema, "uliliangalia?"

"Niangalie nini?"

"Kama si la Odilia wangu."

Nikamtukana. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Alilia tu na ufagio mkononi. Asubuhi iliyofuata nimekuta mwanamke mwingine amesimama pale nyuma, anatazama udongo. Halafu mwingine. Wote wana watoto shuleni.

Nikafukua, Renatus. Nililikwangua chokaa kwa kisu, nikalisugua kwa majivu na maji mbele yao wote. Jeusi-jeusi. Halina mshipa. Hata si la mtoni, ni la barabarani, lile linalomwagwa na malori. Nimembeba mtoto wa mtu nikamzika na jina la Melkiadi juu yake.

Tukamwita Odilia alitazame. Akalizunguka, akaligusa kwa kidole. "Sikumbuki, Bibi," akasema. "Yalikuwa yanafanana." Akaita wenzake, nao wakasema hivyo hivyo. Watoto wanacheza kama kawaida. Mama zao ndio hawawatumi tena mbali, hata kuni za mtoni hawaendi. Esteri ananipikia, lakini haniangalii.

Kulizika tena siwezi. Kulirudisha kule juu siwezi, maana anayepandisha jiwe anamsafirisha mtu. Nimeliweka jikoni karibu na mafiga. Kila siku mama mmoja anakuja kuomba moto, analitazama, anaondoka bila moto.

La Melkiadi limo mle ndani, kama ulivyoniandikia, limeshikwa imara. Nimenyolewa nywele bure. Zinaota, na yeye hajazikwa.

Sasa hiyo Lindi. Haikunishangaza. Ulipanda na jiwe lako, ukaliweka kwa mkono wako mwenyewe, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako, nyuma ya fimbo ya mgambo, sikuligusa. Ilikamilika kama inavyotakiwa. Kwa hiyo usipite kuniaga. Umeshaaga.

Na siku ukirudi, hutaingia kwangu kabla hujalishusha. Sitakupa uji, hata kama ni mgonjwa, hata kama umekuja na watoto. Tharsisi anakwenda kule kila asubuhi, anauzunguka mnara wenu, anapapasa chokaa kwa viganja. Mtazunguka wawili.

Josepha,
mama wa Melkiadi